Barua kwa Mwajuma: majipu yanayorudi

Shoga yangu Mwajuma,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Umeuliza kwa nini mwanao Hamisi amemaliza amoksisilini, dawa ya kuua bakteria, na jipu la pajani bado limevimba. Dawa ile haikuwa na ubavu tangu mwanzo. Majipu mengi huletwa na bakteria waitwao stafilokokasi, na wengi wao hutoa kimeng'enya (kemikali yao ya kuvunjavunja vitu) kinachoiharibu penisilini pamoja na nduguye amoksisilini. Ajabu ni kwamba mwanasayansi Fleming aliigundua penisilini mwaka 1928 kwenye sahani ya bakteria hawa hawa! Kloksasilini na flukloksasilini zinastahimili kimeng'enya hicho, lakini hata zenyewe hazifui dafu mbele ya usaha uliokwisha kujikusanya, maana ndani ya jipu hakuna mishipa ya damu ya kuifikisha dawa. Jipu lililoiva dawa yake ni kupasuliwa.

Kwa sasa mkande. Chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto ambayo mkono wako unayavumilia, weka juu ya jipu dakika 10 hadi 15, mara 3 au 4 kwa siku. Kitambaa hicho kifuliwe peke yake kwa maji ya moto. Ukibonyeza taratibu ukasikia katikati pamelainika na usaha unacheza chini ya kidole, mpeleke kituo cha afya. Mwandae kwa kilio kidogo: usaha una asidi na ganzi haishiki vizuri penye asidi, ndiyo maana hudungwa sindano kulizunguka jipu. Msilitumbue kwa kucha wala wembe. Mkikamua, usaha husukumwa na kwenda chini zaidi. Jipu la puani au la mdomo wa juu msiliguse kabisa, kwa sababu mishipa ya hapo ina njia ya kuelekea ubongoni.

Ukitaka kujua kama ugonjwa unasambaa, kwenye ngozi yetu nyeusi usihangaike kutafuta wekundu. Pitisha mgongo wa mkono uone joto na ugumu vimefika wapi, uzungushie kalamu, uangalie tena baada ya saa chache. Uvimbe ukivuka mstari, au Hamisi akipata homa, akitetemeka, au akishindwa kukanyagia mguu, ni hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu ya mguu yanaweza kuwa bakteria wameingia kwenye mfupa.

Sasa kwa nini yanarudi. Karibu watu 3 katika kila 10 hubeba bakteria hawa puani bila kuumwa. Mtoto anachokonoa pua, anajikuna penye mchubuko, imekwisha. Kwa hiyo majipu yakishapona, watu wote wa nyumbani msafishwe bakteria hawa mwilini kwa pamoja siku 5. Akitibiwa Hamisi peke yake, dada yake atamrudishia. Mwombeni daktari mafuta ya mupirosini, dawa ya kuua bakteria hawa puani: kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti kila tundu, asubuhi na jioni, kisha bana pua taratibu yasambae. Mwulizeni pia kuhusu sabuni ya maji ya klohexidini (dawa ya kuua vijidudu) ya asilimia 4 ya kuogea mara moja kwa siku, mkazanie kwapani na kinenani, isiingie machoni wala masikioni. Kila mtu awe na taulo lake na wembe wake. Mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kupigwa pasi. Wengine hurudiwa baada ya miezi, ila nafuu ni kubwa. Shemeji naye kama anaota majipu, apime sukari.

Jingine, kwa kuwa unapikia watu shughulini: mwenye jipu au kidonda cha usaha mkononi asiguse chakula. Bakteria hawa wakizaliana kwenye nyama au wali uliolala nje ya jokofu hutema sumu, na ukipasha moto unawaua wao tu, sumu inabaki. Wageni huanza kutapika ndani ya saa 1 hadi 6.

Akishapasuliwa niandikie wamempa dawa gani.

Wako,
Rehema