Kwako mdogo wangu, sasa umekuwa instrakta

Mdogo wangu, hongera tena kwa leseni ya kufundisha urubani, nimefurahi kuliko nilivyokuonyesha kwenye simu. Ila kuna jambo siwezi kulisema kwa simu, ndo maana nimekaa kukuandikia.

Mwanafunzi wako atasahau nusu ya maneno yako lakini mikono yako hataisahau. Instrakta wangu wa kwanza alinifundisha kukinga mafuta ya tangi la ndege kwenye kikombe kila kabla ya kuruka, kuona kama yameingia maji, unainua kwenye mwanga, mafuta yana rangi ya bluu na maji kama yapo yanakaa chini hayana rangi. Siku moja tumechelewa, akapita akapanda moja kwa moja, akasema yalikuwa sawa asubuhi. Hakuna kilichotokea siku ile. Miaka miwili baadaye nina marafiki wawili wamekaa nyuma wananisubiri, nikajisikia nasema maneno yale yale, yalikuwa sawa asubuhi, hata sauti ni yake kabisa! Nikashuka nikachukua kikombe huku mkono unatetemeka.

Sasa fikiria Tenerife, kisiwa cha Hispania, 27 Machi 1977, Boeing 747 mbili, ya KLM ya Uholanzi na ya Pan Am ya Marekani, zinagongana kwenye ukungu uwanjani, watu 583 wamekufa. Kapteni wa KLM aliyeanza kukimbiza ndege bila ruhusa ya kuruka alikuwa mwalimu mkubwa wa 747 kwenye shirika lake, na msaidizi aliyekaa pembeni yake alikuwa amepimwa na yeye mwenyewe muda si mrefu nyuma. Msaidizi alimkumbusha mara ya kwanza kwamba ruhusa bado, mara ya pili akanyamaza, injinia akauliza kama ile Pan Am bado iko kwenye njia ya kurukia, kapteni akajibu kwa uhakika kwamba imeshatoka, basi ndo ikawa hivyo. Mimi nikisoma hapo naumia sana kwa yule msaidizi, maana utamwambiaje mwalimu wako amekosea kama hajawahi kukupa nafasi ya kumwambia?

Kwa hiyo wape nafasi mapema, mkiwa bado chini. Ruka kipengele cha chekilisti makusudi halafu subiri. Akikukamata mshukuru mbele ya wenzake, asipokukamata usimgombeze, rudieni tu mpaka azoee kukukatiza.

Na kwenye stoli, yaani pale mabawa yanapoacha kubeba ndege, usimpokonye usukani haraka. Mkiwa juu vya kutosha acha alamu ilie, aone mkono wake unavyotaka kuvuta nyuma wakati dawa ni kushusha pua. Mkono ule ni wa kila binadamu, hata marubani wakubwa umewashinda, ndege ya Air France 447 mwaka 2009 iliporomoka mpaka baharini, watu 228 wakafa, rubani akiwa bado anavuta stiki. Afadhali auzoee akiwa na wewe pembeni, halafu ukisema ndege ni yangu aachie mara moja na aseme kwa sauti kwamba ameachia.

La mwisho ni sahihi yako, ile ya kumruhusu mwanafunzi aruke peke yake. Watakuja wamechoka, pesa zimeisha, wenzao wote wamesharuka peke yao, na wewe una roho laini nakujua. Kama hujaridhika usisaini. Akikasirika au akilia mpe namba yangu, nitaongea naye mimi.