Simba wa Tsavo wana jumba Chicago, wazee wetu wa reli tunawaombea chumba kimoja tu

Habari zenu wapendwa, wazazi, mliosoma hapa zamani, na nyote mliozaliwa landhi (nyumba za wafanyakazi wa reli) hapa Voi mkahamia kwingine. Najua mtu akiona neno harambee kwa simu anaigeuza kifudifudi mezani, lakini hii nisomeeni mpaka mwisho tafadhali, si ya basi la shule, ni ya chumba cha kumbukumbu za wazee wetu wa reli hapa shuleni.

Mnaikumbuka kengele yetu? Kile kipande cha reli kinachoning'inia kwenye mwarobaini, bado kipo na bado kinagongwa na ile boliti. Juzi mtoto wa darasa la sita akaniuliza hicho chuma kilitoka wapi, nikaanza kumweleza habari za garimoshi, akanikata, ati anajua mwalimu, ni ile ya simba waliokula watu. Basi. Mtoto wa Voi, babu yake alikuwa fayamani, yaani mtu wa moto kwenye garimoshi, na kitu anachojua kuhusu reli ni simba wawili. Na hao simba Patterson, mhandisi Mwingereza wa daraja la reli la Tsavo, aliwapiga risasi Desemba 1898, baadaye ngozi zikauzwa Chicago na mpaka leo wako pale makumbusho ya Field wamesimamishwa, watu wanalipa kuwaona. Simba wana jumba, wazee wetu hawana hata kabati.

Reli yenyewe ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899, Kisumu Desemba 1901, vibarua karibu 32,000 wakaletwa kutoka India na 2,493 kati yao wakafa, na wengi wao waliuawa na maradhi wala si simba. Hiyo ni hesabu ya Wahindi, mpaka yule mtu wa mwisho. Waliofyeka nyika na kubeba mizigo, watu wa huku kwetu, nani hapa anaweza kunitajia yao? Alafu kuna njia ya Taveta, ambayo Waingereza waliijenga mbio mbio wakati wa vita vya kwanza ili wawafuate Wajerumani ng'ambo ya mpaka, 1915 ikawa imefika Maktau, na ndiyo iliyoifanya Voi kuwa jankisheni, njia panda ya reli. Watoto wanapita juu ya hiyo historia kila asubuhi wakija shule.

Kwa hivyo tumeanza kuwarekodi wazee, kwa simu tu. Mmoja alikuwa fayamani kwenye zile Garratt, injini kubwa za stimu za klasi 59, zilizoundwa Manchester 1955 na 1956, zilikuwa 34, kila moja tani 252 hivi na jina la mlima. Mimi nilidhani fayamani ni mtu wa koleo, mzee akanicheka. Zile zilikula mafuta mazito, kazi ilikuwa kushika valvu na kuangalia moshi: ukiwa mweusi unachoma mafuta bure, ukipotea kabisa hewa imezidi na stimu itashuka mkiwa katikati ya mlima. Masizi yakijaa kwenye mabomba ya boila unachota mchanga, unautupa kwa mlango wa moto, unavutwa ndani kwa nguvu ukikwangua mabomba yote na huko juu bomba linatema wingu jeusi tii. Anasema kuna wenzake walikuwa wakifanya hivyo karibu na landhi, na kina mama wameanika shuka nyeupe... hapo alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, ikabidi nizime simu. Na walilala safarini! Watu wanaendesha, wenzao wako kwenye behewa nyuma ya injini wanalala na kupika, wanapokezana hivyo kati ya Mombasa na Nairobi.

Huyu mzee amepita themanini. Wengine wawili tulipanga kuwarekodi likizo ya Desemba, tukawazika kabla.

Tunachoomba sasa. Kamati ya wazazi imetoa nafasi kando ya maktaba, mawe yapo, msingi umechimbwa na wazazi wenyewe kwa jembe. Mabati, mbao, simiti, milango, makabati ya vioo na kinasa sauti cha maana vinafika 640,000. Tuna 215,000 mkononi. (Mkononi, siyo kwa ahadi, mwaka jana ahadi zilijaa daftari na wenye ahadi wakabadilisha laini.) Ikibaki chochote tunataka kuwapeleka darasa la sita Nairobi, makumbusho ya reli, waione Mount Gelai namba 5918, moja ya hizo Garratt, wapande pale kwenye kibanda cha dereva wajionee mlango wa moto ulivyo.

Mia mbili inapokelewa, mfuko wa simiti unapokelewa, fundi wa kutoa siku mbili za kazi tutambusu miguu. Pesa zipitie kwa mweka hazina wa shule pekee, risiti utapewa, mtu mwingine yeyote akikutumia namba yake usitume. Na mlio na vitu vya zamani msivitupe: taa ya gadi, filimbi, kofia, tikiti, kitabu cha kazi cha babu, hata picha iliyoliwa na mchwa, vileteni, tutaandika jina la mwenyewe.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, hapo hapo chini ya mwarobaini. Kengele ataigonga mzee mwenyewe, ameshaniambia nisimpe mtoto ile boliti.