Bushi za swingamu ya pikipiki ya zamani: zitoe bila kuiharibu swingamu

Pikipiki ya zamani ikiyumba nyuma kwenye kona, usikimbilie kununua tairi. Isimamishe kwa stendi ya kati, toa gurudumu na shoki zote mbili, kisha shika ncha ya swingamu (mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma) uisukume kushoto na kulia. Ikicheza, bushi, yaani mirija inayozunguka bolti yake kwenye fremu, zimekwisha.

Bushi tunazokutana nazo sana hapa Nakuru ni za mpira: mrija wa chuma ndani, mpira katikati, na mrija mwingine mwembamba nje. Huo wa nje ndio uliokaza ndani ya swingamu, na ndio msumbufu.

Anza na bolti ndefu inayopita kwenye fremu. Pikipiki iliyolala miaka kibandani kule Molo au Njoro, kwa ile baridi na mvua, bolti yake hushikana kwa kutu na mrija wa ndani. Ukiigonga kavukavu, ncha yake inapanuka kama uyoga na haipiti tena. Inyunyizie mafuta ya kulegeza kutu pande zote mbili, iache usiku kucha, kisha izungushe kwa spana mbele na nyuma mpaka ilegee. Ndipo urudishe nati isawazike na ncha ya nyuzi, uigonge kwa nyundo ya shaba. Ikikataa kabisa, ikate kwa msumeno wa hekso kati ya fremu na swingamu. Bolti nyingine utapata. Fremu nyingine, ni shida.

Bushi zenyewe, wengi huzichoma moto. Sisi hatuchomi, kwa sababu moshi wa mpira ni sumu na rangi yote inaungua. Tunavuta. Tafuta bolti ndefu ya M12 (unene wa milimita 12) ya daraja la 8.8 (chuma imara), kipande cha paipu kipana kuliko bushi, na soketi ya nusu inchi ambayo ukingo wake unakalia mrija wa nje tu. Tundu la mraba la soketi hiyo linapitisha M12 vizuri. Washa bapa (kile kipete cha chuma cha chini ya nati) badala ya soketi haifai: mrija wa ndani huwa umetokeza, kwa hiyo utauchana mpira na chuma cha nje kibaki palepale. Pitisha bolti katikati ya bushi, soketi ikae upande mmoja na paipu upande wa pili. Paka nyuzi grisi, kaza polepole, bushi itaingia ndani ya paipu. Nguvu yote inabaki kwenye sikio moja, yaani tundu moja la swingamu linaloshika bushi. Ukibana miguu yote miwili ya swingamu kwa vaisi, inajikunja, na gurudumu halitalingana tena na sproketi ya mbele.

Mpira ukishachanika, toboa matundu ya milimita 5 kuuzunguka, sukuma mrija wa ndani utoke, kisha pitisha msumeno wa hekso na ukate mrija wa nje kwa urefu wake. Tazama unga unaodondoka. Ukiwa wa kung'aa, endelea. Ukigeuka kahawia, umefikia kutu iliyo kati ya vyuma viwili. Simama hapo, ukunje ukingo kwa ndani kwa tindo nyembamba.

Bushi mpya iingie kwa maji ya sabuni, si grisi, maana grisi huvimbisha mpira. Na nati ya bolti kubwa ikazwe mwisho kabisa, pikipiki ikiwa imesimama chini na mtu amekalia. Ukiikaza swingamu ikining'inia, mpira unabaki umejisokota kila siku na utachanika mapema.

Ukituletea swingamu, ilete na bolti yake, hata iliyokatwa, na bushi za zamani hata zikiwa vipande. Tunapima kipenyo cha ndani, cha nje na urefu. Zikikosekana dukani, vipimo hivyo ndivyo fundi wa kukereza vyuma atakavyotumia.