Mhariri, mapishi yafikirie na sisi wa Mbeya

Mhariri habari za kazi, mimi ni mama wa hapa Mbeya, naoka mafini za chokoleti na karanga nyumbani, na nina ombi kuhusu ukurasa wenu wa mapishi. Vipimo mnavyotoa ni vya watu wa Dar. Kule wako usawa wa bahari, sisi huku tuko kama mita 1,700 juu, hewa nyepesi, kwahiyo keki inaumuka fasta kabla haijashika halafu inabonyea katikati, na mimi muda wote huo nalaumu mayai, mara nalaumu jiko. Kwa unga vikombe 2 nilikuwa naweka bekingi pauda vijiko 3 vya chai kama mlivyoandika, nikapunguza hadi 2 na maziwa nikaongeza kidogo, basi zikatulia.

Halafu kakao. Nyie mnaandika ya kopo, na lozi juu yake, wakati kakao nyingi ya nchi hii inatoka Kyela hapo chini tu! Mama mkwe wangu yuko Ipinda, huko huko Kyela, ananibakizia punje za miti yake zilizokwisha kuvundikwa na kuanikwa. Nazikaanga kwenye sufuria kavu, moto mdogo, mpaka maganda yanaanza kupasuka na nyumba nzima inanukia, namenya zikiwa bado na joto, napepeta kwenye ungo, natwanga. Sasa hapa ndo naomba watu waelewe, haitoki unga, inatoka uji mzito wa kung'aa, maana karibu nusu ya punje ni mafuta na ile ya kopo mafuta yake mengi yameshakamuliwa kiwandani, kwahiyo ukiweka na siagi yote ya kwenye mapishi keki inakuwa nzito na inaacha mafuta mkononi. Mimi siagi naweka nusu. Karanga nazikaanga kwanza, navunja vipande tu, sisagi.

Mama mkwe ana hiyo miti tangu ujana wake, alipoonja mafini ya kwanza akaniuliza mara mbili kama kweli ni kakao yake.

Naomba mkiandika tena mweke na vipimo vya huku juu, Mbeya, Njombe, Makete, na mseme pia moto wa mkaa unapangwaje chini na juu ya sufuria, maana wengi wetu oveni ya umeme hatuna.

Mama muoka keki, Mbeya