Barua ya wazi kwa Afisa Michezo wa Mkoa wa Dodoma: tupangieni marika

Ndugu Afisa,

Cheo ni chako, umri ni wangu, kwa hiyo shikamoo yako nimeipokea: marahaba. Sasa tuongee mbio.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilianza kukimbia nikiwa na miaka 52, daktari aliponitisha na presha. Alfajiri utanikuta barabara ya Iringa, kanga juu ya suruali ya mazoezi kwa sababu ya ule upepo wetu wa Juni na Julai unaopenya mpaka kwenye meno. Bodaboda wamenizoea, zamani walisimama kuniuliza nani anaumwa.

Mwaka jana niliingia nusu marathoni moja hapa jijini. Fomu ikaniuliza mwaka wa kuzaliwa, nikaandika 1962. Nikalipa kama wengine, nikapewa fulana na namba ya kifuani. Kilomita ya 17, kwenye kale kamwinuko usikokaona ukiwa ndani ya gari, akanipita mama mmoja wa soksi nyekundu, mvi kama zangu. Nikamfukuzia. Nikamkamata, akanitoka, nikamkamata tena, na mita mia za mwisho akaniacha kwa hatua kama sita. Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 31. Waliotangulia walishakula ndizi zao na kupiga picha, lakini sisi wawili tulikuwa kwenye fainali. Sikumbuki lini niliumia vile kwa raha. (Maumivu ya mapaja yaliniachia Ijumaa. Miaka ile nilipoanza kukimbia, ilikuwa Jumanne tu yameshapoa.)

Kisha nikaitwa jukwaani. Si kwa mbio zangu, bali kwa kuwa mkimbiaji mwenye umri mkubwa kuliko wote. Nikapewa chupa ya chai. Mshereheshaji akalitaja jina la Akhwari, kama wanavyofanya kwa kila anayechelewa. Jamani, John Stephen Akhwari, Mtanzania mwenzetu aliyemaliza wa mwisho marathoni ya Olimpiki kule Mexico mwaka 1968, alikuwa kijana wa miaka 30 aliyeanguka akaumia goti. Mimi sikuanguka, nimezeeka tu. Nilizawadiwa kwa kuzaliwa mapema! Chupa yenyewe nzuri, inatunza moto mpaka jioni, naitumia. Ila sikuikimbilia.

Matokeo yakatoka: wanaume, wanawake, basi. Mimi nimo katikati ya mabinti wanaoweza kuwa wajukuu zangu. Mama wa soksi nyekundu simjui jina, na umri haukuandikwa. Kama mimi ndiye mkubwa wa wote, basi yeye ni mdogo kwangu. Lakini kwa mwaka mmoja au kwa kumi? Alishinda rika lake? Mimi je, nilishinda langu? Mwaka wangu wa kuzaliwa waliuchukua wao wenyewe, wakautumia kunitafutia chupa.

Katika riadha ya wakongwe duniani, ukongwe huanza miaka 35, na marika hupangwa kwa miaka mitano mitano. Ndiyo maana Ed Whitlock wa Kanada anajulikana: mwaka 2004, akiwa na miaka 73, alimaliza marathoni kwa saa 2:54:48. Kwenye orodha kama yetu angekuwa jina tu kati ya wanaume.

Bahasha wapewe vijana, maana miguu ndiyo shamba lao. Tena tunajivunia: Septemba 2025 Alphonce Simbu, mtoto wa majirani zetu Singida, alichukua dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo kwa tofauti ya sekunde 0.03. Huko wanapima mpaka hapo. Mimi na mwenzangu tunaomba safu moja tu kwenye karatasi, ya rika.

Kwa hiyo waandaaji wakija ofisini kwako mwaka huu, waulize kabla ya yote: matokeo yataonyesha rika? Wakikwambia wazee wataenziwa jukwaani, warudishe wakajipange.

Na wewe mama wa soksi nyekundu, ukiisoma barua hii: Jumapili saa kumi na mbili asubuhi nipo barabara ya Iringa. Chai nakuja nayo.

Mwalimu mstaafu,
Dodoma