Wifi yangu, pima kwanza kabla hujaiita malaria

Wifi yangu mpenzi,

Salaam nyingi kutoka huku Dar. Ujumbe wako niliujibu haraka haraka maana dukani kulikuwa na watu, lakini swali lako kuhusu uchovu na joto la jioni halikustahili jibu la mkato. Nimeona niliandike hapa wazi, jina lako silitaji, kwa sababu ulichoniuliza ndicho ninachokutana nacho kila wiki nikiwa nyuma ya kaunta ya duka la dawa. Tofauti ni kwamba wewe umeuliza. Wengi hawaulizi. Wanafika, wanasema "dada, nipe mseto," yaani ile dawa ya malaria, wanalipa, wanaondoka.

Umeniambia mwili unachoka bila kazi ya maana, kichwa kizito, jioni unahisi joto linapanda, chakula hukitaki, na ukamalizia mwenyewe: "itakuwa malaria tu." Inawezekana kabisa, Tanga mbu hawana likizo. Ila hukuniambia mara ya mwisho umeona siku zako lini, na hilo ndilo ningekuuliza kabla ya jingine lolote, maana huenda ni mimba.

Mimba changa na malaria inayoanza zinafanana vibaya sana. Mimba ikitunga, homoni ya projesteroni inabaki juu. Hiyo inapandisha joto la mwili kidogo, kama nusu nyuzi hivi, inaleta usingizi wa mchana ambao hata kahawa haiutoi, na inalegeza utumbo mpaka tumbo linajaa gesi na choo kinakuwa kigumu. Ongeza kichefuchefu hapo, utamlaumu nani kwa kusema ni malaria? Kipimajoto ndicho kinachosaidia kutenganisha. Joto likifika 38, hiyo si mimba, ni ugonjwa, uwe na mimba au usiwe nayo. Na usisahau kwamba mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo pima vyote. Malaria wanatoboa kidole, majibu hayachukui hata nusu saa. Kipimo cha mimba cha mkojo unakipata kwa shilingi elfu moja au mbili. Ukikutwa na malaria juu ya mimba, usiogope kutibiwa, maana malaria yenyewe ndiyo inayomdhuru mama na mtoto. Ila mwambie anayekutibu kwamba una mimba au unahisi unayo, akuchagulie dawa. Zamani miezi mitatu ya kwanza ilikuwa ya kwinini tu, lakini mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali mseto wa artemeta na lumefantrini utumike hata katika kipindi hicho. SP, vidonge vya kumkinga mjamzito na malaria, haianzi mpaka miezi mitatu ya kwanza ipite. Dawa za minyoo nazo zisubiri, na doksi (doksisaiklini, ile antibayotiki) achana nayo kabisa. Hizi ndizo dawa watu wanazojinunulia kama karanga, na ndizo zinazoninyima raha anapokuja dada ambaye hajui hedhi yake imechelewa kwa kiasi gani.

Kipimo chenyewe kinatafuta homoni moja inayoitwa hCG. Yai lililorutubishwa linajishikiza kwenye ukuta wa kizazi kati ya siku ya 6 na ya 12 hivi baada ya yai kutoka, na hapo ndipo hCG inapoanza kumwagika kwenye damu, halafu mkojoni. Wiki za mwanzo inajizidisha maradufu karibu kila siku mbili tatu. Ndiyo maana ukipima mapema sana utapata mstari mmoja na mimba ipo. Subiri siku ya hedhi ipite, tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, usinywe maji lita nzima kabla yake. Soma majibu kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, kwa kawaida dakika 3 hadi 5. Mstari wa pili ukitokea ndani ya muda huo, hata kama ni hafifu wa kukodolea macho, hiyo ni mimba. Ukikiacha kwenye ukingo wa sinki ukarudi mchana ukaona kivuli, hicho usikihesabu, mkojo umekauka tu. Na mstari wa juu, ule wa kuonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi, usipotokea, tupa ununue kingine. Ukipata mstari mmoja na hedhi bado haiji, rudia baada ya wiki.

Na tafadhali, hizo video za kuchanganya mkojo na chumvi, sukari au dawa ya meno, zifute. Dawa nyingi za meno zina chokaa, na mkojo wenye asidi ukikutana na chokaa unatoa povu. Hata mkojo wa kaka yangu utatoa povu. Tumpe hongera?

Sasa dalili zenyewe, maana najua mama ameshaanza kukukagua kwa jicho la pembeni. Wazee wetu wana macho. Wataangalia mshipa wa shingo unavyodunda, wataangalia kama ngozi imebadilika, kama umeanza kuchagua. Siwadharau, kwa sababu damu mwilini huongezeka kweli na moyo unapiga haraka zaidi. Lakini mshipa wa shingo unadunda pia kwa mtu mwenye upungufu wa damu, na kwa mtu aliyepanda ngazi.

Ninazoziamini mimi zaidi ni matiti na pua. Matiti yanauma kwa namna isiyokuwa ile ya kabla ya hedhi: yanajaa, chuchu haitaki kuguswa hata na kanga, na hayatulii siku zikifika. Pua nayo inakuwa kali kama ya paka. Vitunguu vikitupwa kwenye mafuta nyumba ya tatu, wewe huku tumbo limeshageuka. Wengine mate yanajaa kinywani mpaka wanatembea na kikombe cha kutemea. Wengine wanautamani udongo wa kula, na hapo ningekuomba ukapime wingi wa damu, kwa sababu hamu hiyo mara nyingi inaambatana na upungufu wa madini ya chuma, na udongo wenyewe unaweza kuja na minyoo.

Halafu kuna ile ya "mimba imemkataa mume." Ukijikuta huwezi kulala karibu na kaka yangu, anza na kitu rahisi: manukato yake. Wanaume wengi wamenuna mwezi mzima wakidhani wamechukiwa, kumbe ni mafuta ya nywele. Mwambie abadilishe, na asipeleke malalamiko kwa mama.

Kichefuchefu wanakiita cha asubuhi, lakini kinakuja saa yoyote kinapojisikia. Kwa wengi kinaanza karibu na wiki ya 6, kinachacha kuelekea ya 9, kinapungua miezi mitatu ikikatika. Wengine hawakipati kabisa na watoto wao wazima. Wanaosema mwanamke anayetapika "anadeka" ningependa wajue kwamba utafiti uliochapishwa mwishoni mwa 2023 kwenye jarida la Nature uliihusisha hali hii na homoni iitwayo GDF15, inayotoka kwa wingi upande wa mtoto, na kwamba mwanamke ambaye mwili wake haukuizoea kabla ya mimba ndiye anayeumia zaidi. Ukifika mahali maji hayakai tumboni na mkojo umekuwa kama chai ya rangi, hiyo ni ya kwenda hospitali, wala si ya kulamba ndimu.

Kukojoa mara kwa mara, unajua. Matone kidogo ya damu kabla ya siku zako, ya waridi au kahawia, yanawatokea baadhi ya wanawake na wanayachukulia kuwa hedhi fupi, kisha hesabu yote inaharibika.

Hesabu yenyewe inawachanganya hata wasomi. Umri wa mimba unahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wala si siku mliyokutana. Tuseme hedhi yako ilianza tarehe 3 Machi na mzunguko wako ni wa siku 28. Uliitarajia tena tarehe 31 Machi, haikuja. Siku hiyo unayoanza kujiuliza, mimba tayari inaitwa ya wiki 4. Kufikia tarehe 14 Aprili, ikiwa ya wiki 6, mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto unakuwa umeshafungika au umeshindwa kufungika. Hiyo ndiyo sababu ya ile vitamini ya foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku, kuanza hata kabla hujajua. Kama mmeacha kujikinga, anza leo. Tarehe ya matarajio ya kujifungua hapo ni kati ya 8 na 10 Desemba.

Kwako wewe kuna jambo jingine. Uliniambia uliacha sindano ya uzazi wa mpango mwaka jana. Baada ya sindano hedhi inaweza kupotea miezi kadhaa bila mimba, na mimba nayo inaweza kuingia kabla hedhi ya kwanza haijarudi. Mwenye kunyonyesha ni hivyo hivyo. Kwa hiyo kusema "mimi sijawahi kuona siku zangu vizuri" si jibu. Ni sababu ya kupima.

Kimoja usikivumilie hata usiku mmoja: maumivu ya chini ya tumbo upande mmoja, pamoja na damu inayotoka, kizunguzungu au kuzimia, au maumivu ya ncha ya bega yasiyoeleweka. Mimba inaweza kutunga nje ya kizazi, kwenye mrija, na kipimo cha mkojo kitaonyesha mistari miwili vizuri tu. Mrija ukipasuka damu inavujia ndani, huioni. Usisubiri kupambazuke, usinywe dawa ya kutuliza ukalala. Hospitali.

Mistari ikiwa miwili na huna lolote kati ya hayo, nenda kliniki kabla ya wiki 12. Najua kuna wanaoficha mpaka tumbo lionekane, wakiogopa macho ya watu. Wafiche majirani, usifiche kliniki. Hapo watakupima wingi wa damu, kundi la damu, kaswende, VVU na mkojo, na watakupa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi. Nenda na mumeo, naye apimwe. Akikwambia yuko bize, nipe simu niongee naye mimi.

Na mama akikuuliza kabla hujapima, mwambie tumbo limechafuka kwa pweza. Ukishapima, wa kwanza kuambiwa awe mumeo. Mimi nitajua tu, maana kaka yangu hajawahi kuweka siri tangu darasa la pili.

Wifi yako,
wa duka la dawa