Mpango wa kuwinda sungura, Jumamosi tarehe 17 Januari

Ndugu wanachama, salaam.

Tutakutana saa 1:00 kamili asubuhi kwenye geti la shamba tulilokubaliana, nje kidogo ya Abilene, ili jua likichomoza tuwe tumekwisha kufunga nyuzi za pinde na kujipanga mstari mmoja. Mwenye shamba ametupa ruhusa, nasi tumemwahidi kuyafunga mageti yote nyuma yetu.

1. Ingawa sungura hapa Texas hawana msimu uliofungwa, leseni ya uwindaji ni lazima. Aliyezaliwa tangu tarehe 2 Septemba 1971 aje pia na cheti cha mafunzo ya uwindaji.

2. Tutatumia pinde za jadi pekee, pamoja na mishale ya ncha butu yenye manyoya mapana, kwa kuwa manyoya hayo huupunguzia mshale kasi nao hauendi mbali ukikosa shabaha. Mtu asilenge sungura anayekatiza mbele ya mwenzake, hata akiwa karibu kiasi gani. (Mwaka jana tulipoteza mishale mingi kuliko sungura tuliowapata!)

3. Kila mmoja alete glavu za kuchunia, maana sungura huweza kuambukiza tularemia (ugonjwa wa bakteria), na nyama tutaipika hadi iive kabisa.

4. Mchango ni dola 15 kwa chakula na zawadi ya mwenye shamba.

Tafadhali thibitisheni hapa kabla ya Alhamisi saa 2:00 usiku, mkitaja kama mna nafasi kwenye gari.